Mkono wa Idd, 1445 (Aprili 2024)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu, jamaa na majirani, mwezi umeandama. Mimi na familia yangu tunawapa mkono wa Idd. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, na atusamehe pale ndimi zilipozitia dosari.

Mwaka haukuwa mwepesi. Sukari tuliisaka duka kwa duka, na ilipopatikana bei ilitufanya tununue robo robo. Tena tumeingia Ramadhani siku chache tu tangu Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, azikwe Mangapwani, Unguja. Wengi wamemkumbuka kwa ruksa, yaani kulegeza masharti ya biashara. Mimi nimemkumbuka zaidi kwa mwaka 1977, alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa polisi huko Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Lakini waliofanya walikuwa chini yake, akaibeba dhamana, akaondoka.

Nasi nyumbani tulizika. Baba alifariki mwezi wa Rajabu. Kila mwaka kabla ya masika alikuwa akitoka na koleo baada ya swala ya alfajiri, anazibua mtaro wa mtaa mzima, hamsubiri mjumbe. Mwaka huu koleo lilibaki nyuma ya mlango. Nililiona kila siku nikipita. Mvua ilipokuja, maji yaliingia kwa jirani yetu mjane, yakalowesha mpaka mchele aliouweka wa fitri, zaka ya kumaliza Ramadhani. Nilimpelekea pishi nyingine. Akashukuru, akamwombea baba dua. Nilishindwa kumtazama usoni.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Kila mmoja, si serikali peke yake! Mzazi ataulizwa mwanawe alilala wapi usiku wa Idd. Muuzaji ataulizwa mizani yake, dereva abiria wake. Anayetupa mfuko wa taka mtaroni usiku, nyumba ya mwenzake ikifurika asiseme ni kudura. Mwezi mzima tumejizuia maji ya kunywa bila askari mlangoni. Tunashindwaje kuchunga mtaro mmoja?

Fitri itolewe kabla ya swala. Tuwaombee pia ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti, ambao Idd inawakuta mafuriko yamewatoa majumbani.

Kesho, pilau ikishaliwa, nitakuwa mtaroni na koleo la baba. Mwenye nafasi anikute huko.

Idd Mubarak. Taqabbalallahu minnaa waminkum.