Barua ya wazi kwa Waziri wa masuala ya bahari: makadeti wetu wanahitaji meli

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Mombasa. Mimi ni injinia wa meli mstaafu, mkazi wa Tudor. Vijana wanaosomea ubaharia huja kwangu jioni na madaftari yao niwaelekeze, na kwa ajili yao nimeona nikuandikie mbele ya watu wote, maana jambo lenyewe ni la watu wote.

Masomo hayawashindi. Kinachowashinda ni kupata meli. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW wa 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa 1995 na tena Manila 2010, haumpi mtu cheti cha afisa kwa kukaa darasani peke yake. Kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, wa sitaha aliye katika programu iliyoidhinishwa lazima atumikie baharini miezi isiyopungua 12, na daftari lake la mafunzo lijazwe na kusainiwa humo melini. Aliye nje ya programu hiyo anadaiwa miezi 36. Kadeti wa injini anahesabiwa muda wa karakana na wa baharini kwa pamoja, na angalau miezi sita awe ameshika zamu katika chumba cha injini chini ya jicho la afisa.

Miezi hiyo ataipata wapi? Feri ya Likoni inavuka na kurudi. Meli kubwa zinazoingia Kilindini zinapeperusha bendera za Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall, na wanaozifanyia kazi ni Wafilipino, Waindonesia, Wahindi, Wachina, Warusi. Hesabu ya mwaka 2021 ya vyama vya wenye meli ilitaja mabaharia kama milioni 1.89 duniani. Sisi tunaoishi mlangoni mwa bahari ni wachache mno humo. Kijana wa Changamwe anazitazama meli kutoka Mama Ngina zikiingia na kutoka, na daftari lake halina saini hata moja.

Nasikia wakubwa wakisema kumpeleka mwanafunzi ng'ambo ni anasa, kwamba nchi haina pesa ya kutembeza watu. Pengine katika taaluma nyingine hoja hiyo ina mashiko. Katika yetu, Mheshimiwa, ng'ambo ndiko kazi iliko.

Chukua jambo moja tu, kubadilisha mafuta. Tangu 2015, meli inayoingia Bahari ya Baltiki, Bahari ya Kaskazini au mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa lazima itumie mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.10, isipokuwa iwe na mtambo wa kusafisha moshi. Huku kwetu kiwango ni asilimia 0.50, tangu 2020. Basi kabla ya kuvuka mpaka huo mnabadilisha, kutoka mafuta mazito kwenda dizeli. Mafuta mazito hupashwa moto, mengine kupita nyuzi 100, ndipo yawe mepesi ya kuingia kwenye silinda. Dizeli haitaki joto hilo. Ukiharakisha, pampu inapata mshtuko, plunja, kile kipande cha ndani kinachosukuma mafuta, inakwama, injini inaweza kuzimika mkiwa katikati ya njia iliyojaa meli kushoto na kulia. Kwa hivyo inafanywa taratibu, joto lisibadilike zaidi ya nyuzi mbili hivi kwa dakika. Injinia wa pili aliyenifundisha, Mfilipino mkimya sana, alinisimamisha mbele ya kipimo cha joto akaniambia nisome namba kwa sauti kila dakika mpaka kazi iishe. Jasho lanitoka, simu ya darajani, kule juu meli inakoongozwa, inalia, yeye mkono uko kwenye vali na macho yako kwangu.

Kitabuni jambo hilo halifiki hata ukurasa. Nimelichora ubaoni, na vijana wanaliandika vizuri kwenye mtihani. Lakini Bahari ya Hindi haina mpaka wa namna hiyo hapa kwetu wa kuwaonyesha. Wala sina namna ya kuwaonyesha mkaguzi wa bandari ya Rotterdam, Uholanzi, anavyofungua kitabu cha kumbukumbu za mafuta, mstari kwa mstari, au zoezi la moto saa nane za usiku ambapo amri inatolewa kwa Kiingereza cha lafudhi tano na hakuna muda wa kuuliza mara ya pili.

Kwa kuwa njia rasmi ni nyembamba, mawakala wamejaa. Mzazi anauza kiwanja Kilifi, analipa, kijana anaambiwa asubiri safari ya Dubai, anasubiri mpaka simu ya wakala haipatikani. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza baharia kutozwa pesa ili atafutiwe kazi. Gharama yake ni cheti cha daktari, pasipoti na kitabu cha baharia, basi. Linaniuma sana hili, kwa sababu wanaoliwa ni wale wasio na chochote.

Ombi langu ni hili. Uingereza, tangu 2000, kampuni ya meli inayochagua kulipa kodi kwa kipimo cha tani za meli zake, badala ya faida, inalazimika kufundisha kadeti mmoja kila mwaka kwa kila nafasi 15 za maafisa. Sisi hatuna meli nyingi za kutoza, lakini tuna gati, na kampuni kubwa zinazihitaji gati zetu. Kila mara serikali yetu inapokaa nazo mezani kuhusu Kilindini au Lamu, nafasi za makadeti ziandikwe ndani ya mkataba: ngapi, katika meli za aina gani, kwa muda gani. Ahadi ya jukwaani haisainii daftari. Mabinti nao watengewe nafasi zao, kwani baharini wanawake hawafiki hata wawili katika mia.

Walimu pia. Aliyekaa nchi kavu miaka mingi arudishwe melini kwa mkataba mmoja, au apelekwe Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia kule Malmö, Uswidi, kilichofunguliwa 1983 kwa kazi hiyo miongoni mwa nyingine.

Wanaohofia kwamba vijana watapotelea huko hawajaishi na baharia. Mkataba wake haufiki mwaka, anarudi, anajenga Mtwapa au Kisauni, na akikomaa ndiye anayefaa kuwa rubani wa bandari anayeziongoza meli kuingia, mkaguzi wa meli, mwalimu wa wengine.

Kuna makadeti wanaomaliza darasa mwaka huu. Naomba ofisi yako itangaze, kabla hawajatoka chuoni, ni nafasi ngapi zimepatikana na kwa kampuni zipi. Kama hakuna hata moja, tuambiwe hivyo pia, ili wazazi waache kuuza viwanja.

Wako mwaminifu,
Injinia wa meli mstaafu,
Tudor, Mombasa