Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na mambo ya uchaguzi yamo katika kabrasha zenu. Mimi naomba niutumie muda wangu kwa swali mlilouliza kuliko jingine lolote mwaka huu: je, krimu zenye viambato vya bangi zinatibu mzio wa ngozi?

Mwili wenyewe hutengeneza kemikali zinazofanya kazi kama zile za bangi. Mojawapo ni anandamidi, iliyotambuliwa mwaka 1992. Kemikali hizo hufanya kazi kupitia vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali, hasa CB1 na CB2, vinavyopatikana pia kwenye ngozi na kwenye seli za kinga.

Mwaka 2007 watafiti wa Bonn, Ujerumani, walitoa habari za panya waliozaliwa bila vipokezi hivyo viwili. Walikuwa wamevalishwa sikioni vibanio vyenye metali ya nikeli, vya kuwatambulisha tu, na ngozi pembeni ya vibanio ikachimbika vidonda. Walipopakwa kemikali ya kuamsha mzio, masikio yao yalivimba kuliko ya panya wa kawaida. Panya wengine waliokosa kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayovunja anandamidi, wakabaki nayo kwa wingi, walivimba kidogo. Sisi tunaowashwa na nikeli ya hereni au ya kifungo cha suruali tunaelewa uzito wa habari hiyo: ngozi ina breki yake ya asili.

Hata hivyo, mwaka 2006 watafiti wa Japani walikuwa wameona kwamba kuizuia CB2 ndiko kulikopunguza uvimbe wa panya. Na mwaka 2013 ikaonekana kwamba THC, kiambato kinacholevya cha bangi, hutuliza uvimbe hata kwa panya wasio na CB1 wala CB2. Kwa maoni yangu, anayeuza krimu kwa kutaja vipokezi hivi kana kwamba mambo yamekwisha kujulikana anawakosea wagonjwa.

Kwa sababu hiyo kamati haijapendekeza krimu yoyote ya aina hii. Iliniuma kuona wenzetu wakiacha dawa za daktari ili wajaribu krimu hizo, ngozi ikarudi kupasuka na usingizi ukawapotea kwa mwasho. Nawasihi, msiache dawa kabla ya kuongea na daktari wenu.

Kwa mwaka ujao tunaomba kibali chenu tumwalike daktari wa ngozi atuelekeze kuhusu kipimo cha mzio cha vibandiko vya mgongoni, maana wengi wetu bado hatujui hasa kinachotudhuru. Hoja hiyo itapigiwa kura baada ya hesabu.