Tusitege sumu, tutengeneze mabwawa

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenzangu wanaofuga samaki katika mabwawa ya bustanini waache kuwategea sumu ndege na wanyama wanaokula samaki kila wanapoona samaki wamepungua. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza karibu nusu ya samaki wangu katika muda wa juma moja, nikamshuku kijana wa jirani, mpaka alfajiri moja nilipomkuta korongo amesimama ukingoni, hatikisiki, na samaki anampapatika mdomoni. Kijana yule nilimwomba radhi, ingawa aibu haijaniisha hata leo.

Kosa langu lilikuwa kutosoma alama. Korongo huingia majini kwa miguu na kummeza samaki mzima, hivyo haachi masalia, isipokuwa pengine samaki aliyeponyoka akiwa na jeraha la kuchomwa mgongoni. Fisi maji huja usiku, humburuta samaki mkubwa hadi nje, na asubuhi utakuta magamba na vipande majanini, pamoja na kinyesi kilichojaa miiba. Mdiria huchukua wadogo tu, akijirusha kutoka kwenye tawi lililoinamia maji. Asiyejua ni mgeni gani amemjia hutumia fedha bure, kwa sababu wavu uliotandazwa juu humzuia ndege lakini haumzuii fisi maji anayepenya chini yake.

Lipo jambo jingine ambalo wafugaji wengi hawalitaji, nami naliona ndilo kubwa. Usiku kucha mimea ya majini, mwani na samaki wenyewe hutumia oksijeni bila mwanga wa jua kuwezesha mimea kuirudisha, kwa hiyo saa za alfajiri ndizo maji yanapokuwa na oksijeni kidogo kuliko wakati wowote. Katika bwawa lililosongamana, au lenye mabaki ya chakula yanayooza chini, samaki hupanda juu kutweta, na saa hizo hizo ndizo korongo anapotoka kuwinda. Samaki wa namna hiyo tumemwandalia sisi. Nilipopunguza idadi ya samaki, nikapunguza chakula cha jioni na kuweka pampu ya kurusha maji, samaki waliacha kuelea juu alfajiri, na hasara ikapungua kabla sijanunua hata futi moja ya wavu.

Baada ya hapo ndipo nilipochimba upya kingo, zikawa wima, na maji yakawa na kina cha zaidi ya sentimita 60 tangu ukingoni, kwa kuwa korongo hupenda mteremko wa taratibu anaoweza kuutembea. (Mwenye watoto wadogo asifanye hivyo bila kuzungushia uzio imara.) Nikalaza vipande vya bomba pana chini ili samaki wapate pa kujificha, na wavu nikaukaza vizuri, maana wavu uliolegea huwanasa ndege wakafa humo. Sanamu ya korongo niliyouziwa kama kinyago cha kutishia haikusaidia kitu. Korongo huzoeana nayo upesi.

Sumu haichagui. Nyama iliyotiwa dawa ya wadudu kwa ajili ya fisi maji huliwa na mbwa, paka na ndege mla mizoga, na mvua ikinyesha dawa hiyo huweza kuingia katika bwawa lile lile tunalotaka kulilinda. Vilevile, akiondolewa korongo mmoja, mwingine ataliona bwawa lile lile lenye maji mafupi na samaki wanaotweta, naye atashuka.

Ndiyo maana naomba ukurasa wako wa ufugaji, ambao huzungumzia sana vifaranga na vyakula vya samaki, utenge pia nafasi ya kueleza namna ya kuchimba bwawa, kina chake na kingo zake, kabla mtu hajatia samaki wa kwanza.

Mfugaji wa samaki, msomaji wako wa siku nyingi