Shoga yangu, nitafutie udongo wa Voi

Malindi, Jumapili usiku

Shoga yangu wa dhati,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe? Watoto hawajambo, baba watoto hajambo? Sisi huku wazima, ila bi mkubwa magoti yanamsumbua tangu kusi ianze. Najua tangu arubaini ya mama yako sijakuandikia, na kosa ni langu. Kila nikishika kalamu naona sina neno la kukupa. Leo ninalo, tena la kuomba. Nataka udongo. Udongo mwekundu wa huko kwenu, magunia thelathini.

Usicheke kabla hujanisikiliza.

Unaukumbuka ule uwanja wa nyuma, penye kisima cha maji ya chumvi, tulipokuwa tukianika nguo? Miaka yote pale haoti mtu wala kitu, ni magugu na mapande ya tumbawe. Basi nimeamua kuufanya bustani, na si ya maua ya kukata. Nafanya bustani ya sayari nyingine. Kisa chake ni hiki: chombo kilirushwa kutoka Ngomeni, hapa jirani yetu, kikatua Mirihi, na ndani mlikuwa na vipando alivyofungasha bibi mmoja wa huku pwani. Watu hawamo tena. Miaka imepita, chombo kimeliwa na kutu, mimea imetokea madirishani na kushika ardhi. Ukifungua mlango wangu wa jikoni, hapo ndipo unapotokea.

Ngomeni sikuitaja kwa kunogesha tu. Si tuliziona wenyewe zile nguzo za Wataliano zimesimama baharini? Roketi ziliruka pale kuanzia 1967 mpaka 1988. Ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ilibeba setilaiti ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru wake, nayo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Jina la Kiswahili, shoga, likizunguka huko juu! Marehemu baba akisimulia jinsi moto ulivyokuwa ukipanda juu ya maji, sisi tulikuwa tunasinzia. Laiti ningemuuliza zaidi.

Sasa niambie, kwa nini kila chombo cha angani tunachokichora lazima kiwe cheupe na chenye ncha ya sindano? Changu ni jahazi. Fundi nimempa mapipa manne ya mafuta, ameyapasua na kuyachomelea yakawa tumbo, omo imenyanyuka mbele, na kila upande ametoboa jicho kama ya vyombo vya zamani. Kutu nimemkataza asiiguse. Dishi lile bovu la televisheni limelala chali ubavuni, linakinga maji ya mvua, na ndege wanakuja kuoga asubuhi. Njia nimeitandaza kwa vifuniko vya soda vilivyokandamizwa kwenye simenti, na vitakuwa 687, kwa sababu mwaka wa Mirihi una siku zetu 687. Watoto wa mtaa mzima wananiletea. Jana tumefika 412.

Na ukuta wa magharibi nimetundika taa nne za sola, nimezifunga karatasi ya buluu. Huko Mirihi mchana anga ina rangi ya vumbi, na jua likitua ndipo pembeni yake panakuwa buluu. Kinyume cha kwetu kabisa. Zikiwaka wakati wa magharibi, bi mkubwa hutoa kiti chake nje akakaa kimya, na wewe wamjua bi mkubwa na kukaa kimya.

Lakini udongo, shoga. Udongo umenitesa. Bila wekundu ule pale ni nyuma ya nyumba tu. Kwanza nilinunua oksaidi, ile ya kupakia sakafu, nikaichanganya na mchanga wa pwani. Siku tatu palipendeza, watu wakaja kupiga picha. Siku ya nne ikashuka mvua ya kweli. Maji mekundu yakapita chini ya ua mpaka kwa Mama Salma, ukuta wake mweupe ukawa kama uliochinjiwa, na mbuzi wake wakatoka wamevaa soksi. Nimemlipia chokaa, na tumesameheana, lakini moyo uliniuma. Kilichobaki kikakauka kikawa gamba, ukimwaga maji yanakaa juu, hayaingii. Waridi langu la jangwani, lile lenye shina nene kama mguu wa tembo, nikadhani lina kiu nikazidi kulimwagia. Siku moja nalibonyeza shina, kidole kikazama kama kwenye papai lililooza. Niliketi pale chini nikalia, nakwambia kweli.

Ndipo nikakumbuka ile safari yetu ya basi, tembo wa Tsavo wako kando ya barabara, wekundu kama waliopakwa hina. Na wekundu wa udongo wa kwenu unatokana na chuma kilichoshika kutu, kama ule wa Mirihi. Ni kitu kile kile! Mimi nahangaika na makopo ya rangi, na Mirihi iko hapo Voi.

Usinichukulie mbugani, hilo ni kosa na silitaki. Mtafute mtu anayechimba msingi wa nyumba, mwenye udongo wa kutupa, umpe chochote, nitakurudishia. Uwe umechekechwa mizizi. Yule kijana wa kanta anayepeleka nazi huko hurudi mtupu, nimeshasema naye. Na kama kuna shamba la mkonge linalouza milingoti iliyokauka, naomba miwili mirefu. Ni myepesi, nitaifanya antena.

Mimea ninayo ya kutosha, na karibu yote ni ya kwetu, hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mnyaa, usio na majani, vijiti vitupu, ukiuona usiku utaapa haukuota hapa duniani. Nimeuweka nyuma kabisa ya jahazi, maana utomvu wake ukimwingia mtoto jichoni ni balaa. Mkonge mwitu umesimama kama mikuki. Kuna na ule mmea wa majani mazito yanayong'aa wanaouweka maofisini Ulaya, kumbe kwao ni huku huku pwani. Nina na miche miwili ya mbuyu kwenye masufuria yaliyotoboka. Maji ya kisima siwapi, chumvi itawaua, nakinga ya mvua.

Na mshubiri. Hapa ndipo nilipokuwa nakwepa tangu mwanzo wa barua.

Wakumbuka nilipoungua mkono na mafuta ya kaimati, Ramadhani ile? Mama alikata jani, akalipasua kwa kucha, akanipaka, kisha akanikabidhi na kipande chenye mizizi kwenye kopo la maziwa: "Upande, siku nyingine sitakuwa karibu." Ni huo. Umehama nami nyumba tatu. Sasa nimeupanda kwenye mdomo wa jahazi, mbele kabisa, penye jua. Yule bibi wa kwenye kisa, aliyefungasha vipando, ni mama yako, shoga. Sikupanga hivyo. Nilikuwa nachimba shimo la mshubiri nikajikuta nasema naye.

Nataka jahazi liitwe kwa jina lake. Nimeshindwa kuliandika bila wewe kuniambia ndiyo, na nimeogopa kukuuliza, kwa kuwa pengine bado ni mapema, pengine hutaki kuliona jina la mama kwenye pipa la mafuta. Ukisema hapana sitaudhika hata chembe.

Basi niambie. Udongo utapatikana kabla ya mwezi kuandama? Gunia moja litanigharimu kiasi gani? Na wewe unalala sasa, au bado unaamka saa tisa usiku? Nani anakusaidia na wale wadogo? Ile kanga yake ya zambarau umeichukua wewe au dada? Utakuja lini, hata kwa siku mbili, ukae nasi magharibi taa zikiwaka? Jina la mama tuliandike kwa herufi zetu hizi au kwa za Kiarabu, kama alivyokuwa akiandika mwenyewe kwenye daftari la chama?

Fundi anakuja na rangi Ijumaa baada ya swala. Nimemwambia ubavu wa kulia asiuguse kwanza. Mshubiri umetoa watoto watatu, mmoja nimeshautenga kwenye kopo, ni wako.

Shoga yako