Asilimia 1 si ahadi ya mara 100

Mhariri,

Wachezaji wengi wa michezo ya simu huamini kuwa zawadi adimu ya kubahatisha yenye nafasi ya asilimia 1 lazima itoke ndani ya majaribio 100. Sivyo. Kila jaribio linajitegemea: katika wachezaji 100 wanaojaribu mara 100 kila mmoja, takriban 37 hutoka mikono mitupu. Wakifika mara 300, bado watano hivi hawajapata kitu.

Kwa hiyo cha kutazama kwanza ni kikomo, yaani idadi ya majaribio ambayo ukiifikia lazima zawadi itoke. Mchezo wa Genshin Impact hutoa mhusika adimu wa nyota 5 kwa asilimia 0.6, ila jaribio la 90 halikosi. Lakini huenda asiwe yule aliyetangazwa kwenye ofa, hivyo mwenye bahati mbaya atafika kikomo mara mbili, yaani majaribio 180, kila moja vito 160 (sarafu ya mchezo huo), jumla 28,800. Piga hesabu hiyo kwa shilingi kabla ya kununua vito.

China ilianza kulazimisha asilimia zitangazwe mwaka 2017, na Apple ikafuata mwaka huohuo. Haitoshi. Watengenezaji waandike pia kikomo, tena kwa herufi zinazosomeka, na waseme kama majaribio uliyokwisha kufanya yanahamia ofa ijayo au yanafutwa.

Mpenzi wa michezo ya simu,
Morogoro