Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mistari Mitatu Isiyokuwamo kwenye Fomu ya Maabara

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Kupima homa ya ini B na C kabla ya matibabu ya limfoma

Mimi ni muuguzi wa wodi ya saratani. Mezani kwangu ipo fomu ya maabara inayojazwa kabla mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, hajatundikiwa dripu ya kwanza. Ina nafasi ya wingi wa damu, figo, sukari na virusi vya Ukimwi. Ya homa ya ini haimo; anayekumbuka huiandika kwa kalamu pembezoni, na asiyekumbuka hupitiliza.

Nadhani jina lenyewe limetupotosha. Tukisikia homa ya ini tunawaza ini tu, kana kwamba virusi hivyo vimekula kiapo cha kutotoka humo. Kumbe virusi vya C, visipotibiwa, huichokoza kinga ya mwili kwa miaka mingi, hata baadhi ya chembe nyeupe za aina ya B, zilizokuwa zikizaliana ili kupambana navyo, zikaendelea kuzaliana bila kikomo na kuwa limfoma. Ushahidi ulionishawishi zaidi ulitoka Ufaransa mwaka 2002: wagonjwa 9 wenye limfoma ya wengu na homa ya ini C walitibiwa kwa interferoni, dawa ya kupambana na virusi, na kwa 7 kati yao virusi vilipotoweka kwenye damu, saratani nayo ikatoweka, ilhali wenzao 6 wenye limfoma hiyohiyo lakini wasio na virusi hawakupata nafuu yoyote kwa dawa hiyo. Siku hizi vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya asilimia 95 ya maambukizi ya C, ingawa limfoma inayokua kwa kasi bado huhitaji kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani.

Homa ya ini B nayo imehusishwa na limfoma, lakini kinachoninyima usingizi ni yale yanayotokea wakati wa tiba. Virusi vya B hubaki vimejificha ndani ya chembe za ini hata kwa mtu aliyekwisha kupona, vikichungwa na kinga ya mwili kama mlinzi. Rituksimabu, dawa ya limfoma inayofagia zile chembe nyeupe za aina ya B, humwondoa mlinzi huyo, virusi vikaamka na kulishambulia ini. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuhusu jambo hili liwekwe kwenye maelezo ya dawa hiyo. Mama mmoja niliyemhudumia alirudi kwa dozi ya nne, tezi ya shingoni haishikiki tena, naye amefurahi. Nilipokuwa nikimtafutia mshipa niliona macho yake yamekuwa ya njano. Hakuwa amepimwa. Limfoma ilikuwa imerudi nyuma. Aliyemuua ni ini.

Ninachoomba ni vipimo vitatu: antijeni ya uso wa virusi vya B (protini ya ganda lake), kingamwili dhidi ya kiini cha virusi hivyo, na kingamwili dhidi ya C. Hicho cha pili kisiachwe kwa kubana matumizi, kwa kuwa ndicho kinachomfichua aliyewahi kuambukizwa ilhali kipimo cha kwanza kinamwonyesha mzima. Atakayeonekana na hatari ya B aanze entekaviri au tenofoviri, dawa za kuvizuia virusi hivyo, kabla ya rituksimabu, na aendelee angalau miezi 12 baada ya kuimaliza.

Fomu hizi huchapishwa upya kila zinapoisha. Naomba toleo lijalo litoke na mistari hiyo mitatu, na chini yake nafasi ya saini ya daktari kuthibitisha kwamba majibu yamesomwa kabla dripu haijatundikwa.

Wasalaam,
Muuguzi, wodi ya saratani