Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: turudishieni somo la asubuhi

Ndugu Mganga Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu, yaani lile somo la afya tulilokuwa tukipewa kina mama kliniki kabla ya watoto kupimwa uzito. Mwaka jana kwenye mkutano wa kata ulituahidi muuguzi wa pili wa kliniki ya watoto "kabla ya masika". Masika yamepita, vuli nayo imepita. Labda ulikuwa na masika mengine kichwani.

Wiki iliyopita mdogo wangu alimpeleka mwanawe zahanati, anaharisha. Akapewa pakiti mbili za ORS, ule unga wa kukoroga wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki, akaambiwa "kamkorogee". Basi. Ni uzazi wake wa kwanza. Akamimina pakiti nzima kwenye kikombe cha chai, ilhali pakiti ile ni ya lita moja ya maji. Mtoto akanyweshwa chumvi. Kufika usiku macho yameingia ndani, mwili umelegea, tukamkimbiza hospitali kwa bodaboda. Matibabu ya chini ya miaka mitano ni bure, ukutani pameandikwa hivyo. Kanula, ile sindano ya kuwekea dripu, tulinunua duka la dawa ng'ambo ya barabara. Hiyo ni barua nyingine.

Alipopata nafuu, muuguzi wa wodini alichukua chupa tupu ya maji ya lita moja, akamwonyesha mdogo wangu: jaza maji safi mpaka hapa, mimina pakiti yote, mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea. Ikipita siku moja, mwaga, koroga nyingine. Na zinki usikatishe hata akiacha kuharisha, mpaka siku kumi zitimie. Hazikupita dakika tano.

Muuguzi wa zahanati simlaumu. Yuko peke yake: apime uzito, achanje, ajaze kadi na rejesta. Wengine wanasema wenzake walihamishwa, wengine wanasema hizo kazi za kompyuta ndizo zinazommaliza. Mkikaa kimya tutaendelea kusema.

Zamani mizani haikuguswa kabla ya somo. Tulifundishwa palepale kwenye benchi: miezi sita ziwa tupu, hata maji hapana, mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usingoje kuche. Leo benchi limewekewa maboksi, na huku mitaani mtoto mwenye degedege bado anafukizwa kinyesi cha tembo kwanza, hospitali baadaye.

Muuguzi wa pili kama hayupo, hayupo, tumekwisha kuzoea. Lakini wahudumu wa afya ngazi ya jamii mnao, na mafunzo mmewapa. Mtume mmoja siku ya kliniki, atoe yale maboksi, afundishe robo saa kabla ya mizani. Somo tu, Ndugu Mganga Mkuu. Kliniki yetu ni Jumanne, saa mbili asubuhi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama wa watoto watatu, mteja wenu wa kila mwezi